Gari la Tabo Likizidishwa Nguvu

Katika barabara za Kampala, Entebbe na Jinja mtu huweza kulitambua gari la Subaru kabla hajaliona. Mngurumo wake wa kukatika-katika, mfano wa ngoma ipigwayo kwa mkono mzito, hutangulia mbele yake. Magari haya hutumika kwanza huko Japani, kisha huletwa kwetu kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, nayo yamependwa mno na vijana. Si vijana wa kiraia tu. Wako askari na maofisa ambao, baada ya kuweka akiba ya miaka kadhaa au kupata mkopo wa chama, hununua Impreza, Legacy au Forester yenye tabo. Kununua si kosa. Taabu huanza pale mwenye gari anaposhawishiwa kwamba nguvu zilizowekwa na kiwanda hazitoshi, akampelekea fundi wa kando ya njia azizidishe kwa alasiri moja. Injini ya namna hiyo ikifa, huondoka na karo ya watoto.

Kwanza tuelewane kuhusu tabo yenyewe. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika mhimili mmoja. Moja hukaa katika njia ya moshi utokao kwenye injini, jingine katika njia ya hewa iingiayo. Moshi, ambao katika injini ya petroli huweza kufikia joto la digrii 800 hata 900, hulizungusha gurudumu la kwanza, na la pili huvuta hewa na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta nayo huweza kuwa mengi, na nguvu huongezeka. Mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao hauna mto wa kulalia ila utando mwembamba wa oili. Wazo hili si geni, kwani Mswisi Alfred Büchi alilipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1905.

Kwetu sisi tukaao katika nyanda za juu, kifaa hiki kina faida ya pekee. Kampala iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pwani ina uzito wa paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Ya Kampala ni kama paundi 12.7 tu. Kwa hiyo injini isiyo na tabo hupoteza zaidi ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake hata kabla haijatoka nyumbani. Tabo huirudisha hewa iliyopungua. Lakini hairudishi bure, kwani ili ifikie mgandamizo ule ule wa pwani, yalazimu izunguke kwa kasi zaidi, na hewa nayo hupata joto zaidi. Fundi wa Kampala anayenakili mpangilio wa gari la Mombasa amenakili namba, hali hakuinakili.

Adui mkubwa wa injini hii huitwa kugonga. Katika hali njema, cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli, na moto husambaa kwa utaratibu hadi pembe za silinda. Hewa ikigandamizwa mno au ikiwa na joto mno, sehemu ya mchanganyiko hulipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Husikika sauti kali, kama mahindi makavu yanayotikiswa ndani ya kopo. Pistoni hupigwa kama kwa nyundo, na mara nyingi huvunjika katika ukuta mwembamba ulio kati ya ringi na ringi. Ugonjwa huo wa pistoni unajulikana sana katika injini za Subaru za lita 2.5 zenye tabo. Ile ya lita 2.0 huvumilia zaidi, ila uvumilivu nao una mwisho.

Wamarekani walikwisha kukabiliana na jambo hili mwaka 1962, General Motors ilipotoa gari la Oldsmobile Jetfire lenye tabo. Ili kuzuia kugonga, gari lilipewa chupa ya maji yaliyochanganywa na spiriti ya methanoli, yaliyonyunyizwa ndani ya hewa ili kuipoza. Chupa ikikauka, msukumo wa tabo ulipunguzwa. Wenye magari wengi walisahau kuijaza, na gari lenyewe halikudumu sokoni ila hadi 1963. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na sensa iliyofungwa kwenye bongo la injini: hulisikiliza pigo, na kompyuta huichelewesha cheche mara moja. Ndiyo sababu gari laweza kugonga kwa muda mrefu bila dereva kujua. Yeye huona tu kwamba nguvu zimepungua, naye hudai ziongezwe.

Hapa lazima tutaje petroli. Injini nyingi za Impreza WRX na STI zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo okteni yake, yaani kipimo cha kustahimili kugonga, hufika 100 au jirani yake. Petroli ya kawaida ya vituo vingi vya Afrika ya Mashariki iko chini ya hapo. Maana yake ni kwamba gari, hata kabla halijaguswa na fundi yeyote, tayari limekwisha kula sehemu ya akiba yake ya usalama. Mtu akiongeza msukumo juu ya hali hiyo bila kupanga upya cheche na mafuta, anakopa juu ya mkopo.

Jambo la kwanza wanalolitaka vijana ni bomba pana la egzosi. Bomba zuri husaidia kweli, lakini lina hila yake. Ndani ya tabo umo mlango mdogo ambao, msukumo ukitosha, huupitisha moshi kando ya gurudumu. Bomba likiwa pana, moshi hutoka kwa wepesi hata mlango ule ukashindwa kuupunguza, na msukumo hupanda wenyewe bila mtu kuuongeza. Gari lililozoea paundi 13 laweza kujikuta na 17 mwishoni mwa gia ya tatu. Kompyuta ikiona hivyo, hukata mafuta ghafla, na gari hushtuka kana kwamba limegonga ukuta. Huo si ugonjwa, ni ulinzi. Hata hivyo kuna kidude kiuzwacho kwa bei rahisi ambacho huidanganya sensa ya msukumo ili mafuta yasikatwe. Askari msomaji ataelewa maana ya kumfumba macho mlinzi wa lango. Binafsi naona kidude hicho kimeua injini nyingi kuliko uzee.

Jingine ni ile vali itoayo sauti ya “pshii” wakati wa kubadili gia. Subaru nyingi za tabo huipima hewa mapema, karibu na chujio, na kompyuta huweka mafuta kulingana na hewa iliyopimwa. Vali ya kiwanda huirudisha hewa ndani ya mfumo. Hii ya madoido huitupa nje. Mafuta yaliyokwisha kukadiriwa hubaki bila hewa yake, gari hukohoa, hutoa moshi mweusi, na plagi huchafuka. Ni sauti tu iliyonunuliwa. Hata ule mngurumo mashuhuri wa Subaru si nguvu, bali watokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu. Baadhi ya STI za Japani za miaka ya 2000 zilipewa mabomba yaliyolingana, zikapoteza mngurumo, nazo zilikuwa kali zaidi.

Sasa tuje kwenye kutafuta ubovu, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Gari likikosa nguvu, mafundi wengi hulilaumu tabo kwanza, na mwenye gari hutumwa kununua nyingine iliyotumika. Utaratibu ulio bora ni kuanza na vitu vya bei ndogo.

Anza na hewa. Mpira uliopasuka au klipu iliyolegea kati ya tabo na injini huvujisha hewa iliyokwisha kupimwa. Dalili zake ni moshi mweusi, mluzi, na uvivu. Fundi mwerevu huziba mdomo wa tabo kwa kifuniko chenye vali ya gurudumu, hujaza hewa ya paundi chache tu kwa pampu, kisha hupaka maji ya sabuni kwenye maungio yote, kama vile mtengeneza baiskeli atafutavyo pancha. Povu litamwonyesha. Akague pia njia ya moshi kabla ya tabo: mpasuko hapo huacha alama nyeusi ya masizi, na tabo huchelewa kuamka kwa sababu moshi wa kuizungusha umepotea njiani.

Kisha cheche. Gari likiwa zima linapokwenda polepole lakini likikatakata linapopanda kilima kwa nguvu, mtuhumiwa wa kwanza ni plagi au koili. Hewa iliyoshindiliwa ni ngumu kwa cheche kuipenya. Nafasi ya plagi ikiwa kubwa, moto huzimika. Katika injini zilizoongezwa msukumo mafundi wengi huipunguza hadi kati ya milimita 0.7 na 0.8, na pengine hiyo ndiyo tiba nzima.

Mafuta ni jambo la hatari zaidi. Pampu iliyochoka au chujio lililoziba hutosha kwa mwendo wa mjini, ila hushindwa pale injini inapohitaji mengi, na mchanganyiko uliopungukiwa petroli huwaka kwa joto kali. Nozeli nazo zina kikomo: zikifunguka kwa zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, hazina tena akiba. Hakuna moshi wala harufu ya kukuonya. Ni geji ya kupima mchanganyiko, iliyofungwa kwenye egzosi, ndiyo isemayo kweli.

Moshi wa buluu wahitaji subira. Ni kweli kwamba tabo iliyochakaa huvujisha oili, lakini bomba la kurudishia oili likiziba, au mfumo wa kupumulia wa injini ukiziba, tabo nzima nayo itavuja. Fungua mpira wa hewa, ushike mhimili kwa vidole injini ikiwa imepoa. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida. Kusogea mbele na nyuma kwa namna inayohisika si kawaida, na mapanga yasiguse ukuta kabisa. Tabo ikiwa imekufa kweli, usifunge nyingine kabla ya kujua iliyoiua. Katika baadhi ya Subaru kuna chujio dogo lililofichwa ndani ya bolti ya bomba la oili. Likiziba, tabo mpya itamfuata mwenziwe kaburini.

Moshi mweupe usiokoma wenye harufu tamu, pamoja na mapovu katika chupa ya maji, ni habari ya gasketi ya kichwa. Na sauti nzito ya tok-tok inayokwenda sambamba na mizunguko ya injini ni beringi za konrodi: zima hapo hapo, liite gari la kuvuta. Ukisema utalifikisha nyumbani polepole, utanunua na kranki pia. Injini hizi hazisamehi oili iliyopungua, basi atakayelitumia gari asubuhi, awe bwana au bibi, achomoe kijiti cha oili aangalie. Taa ya injini ikimwekamweka, mguu uondolewe kwenye mafuta. Huo si wakati wa kuwahi shule.

Wapo watakaosema kwamba magari ya ralli hupigwa na hayafi. Kweli, Toyota Celica yenye tabo ilishinda Safari Rally mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, na Colin McRae alishinda kwa Impreza mwaka 1997. Lakini injini ya McRae ilivuta hewa kupitia tundu la milimita 34 kwa amri ya kanuni, ikiwa na kundi zima la mafundi nyuma yake.

Anayetaka kuongeza nguvu kwa heshima aanze kwa kupima kompresheni ya silinda zote nne. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, kazi iishie hapo hadi injini itengenezwe. Mkanda wa taimingi usiojulikana umri ubadilishwe, na breki zitazamwe kabla ya yote. Ndipo gari lipelekwe kwa fundi mwenye kompyuta na mashine ya kupimia, apange upya mafuta na cheche, hatua kwa hatua. Katika mwendo wa kawaida huwa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli. Msukumo ukiwa wa juu, injini hizi hutaka hewa kati ya 11 na 12 tu, ili petroli iliyozidi isaidie kupoza. Mwenye gari adai karatasi ya vipimo vya siku hiyo, mchanganyiko, msukumo na joto la hewa, akaiweke nyumbani pamoja na kadi ya gari. Petroli iliyotumika siku ya kupima ndiyo itumike siku zote. Akipangiwa zamu au uhamisho wa kwenda mahali ambapo petroli hiyo haipatikani, amwombe fundi mpangilio wa pili wenye msukumo mdogo kabla hajaondoka.