Je, Wajua? "Lau" yetu imo ndani ya Kihispania

Je, wajua kwamba lau, ile ya "lau ningejua", imejificha katika neno la Kihispania? Mhispania akiitamani mvua husema ojalá lloviera, laiti ingenyesha. Ojalá ilitoka katika Kiarabu cha Andalusia: law shaa Allah, lau Mungu angependa. Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka 1492. Miaka sita baadaye Mreno Vasco da Gama alitia nanga Malindi, na Wareno nao wana oxalá yao. Sisi lau yetu tuliipata kwa Waarabu wa ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Je, wajua kwamba lloviera ndiyo -nge- yao? Sisi tunaipachika katikati ya kitenzi, ni-nge-sema. Wao hubadilisha mkia. Chukua hablaron, "walisema", toa -ron, tia -ra: hablara. Comieron, "walikula", huzaa comiera. Vivieron, "waliishi", huzaa viviera. Uzuri wake ni kwamba hakuna kitenzi kinachoikwepa kanuni hii, hata vile vikorofi: tuvieron, "walikuwa na", huzaa tuviera. Lipo pia umbo la pili, hablase, linaloweza kukaa mahali hapohapo.

Hablase ni ndugu wa parlassi ya Kiitaliano, na Kiitaliano kwa Malindi si lugha ya mbali. Kaskazini kidogo, Ngomeni, ndiko kwenye kituo cha San Marco cha Waitaliano. Setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa huko tarehe 12 Desemba 1970. Nenda ufukweni umsikilize muuza vinyago akipatana bei na mgeni kwa Kiitaliano. Mtihani wake unakuja akitaka kusema "ningekuwa na pesa, ningenunua". Kwetu -nge- hukaa pande zote mbili. Mwitaliano hutumia maumbo mawili tofauti: se avessi soldi, comprerei. Anayesema se avrei soldi, comprerei amerudia umbo moja, kama Kiswahili kinavyotaka. Asichekwe: watoto wa Italia wenyewe husahihishwa na walimu wao kwa kosa hilohilo.

Kihispania nacho hutumia maumbo mawili: si tuviera dinero, compraría. Ukianza kujifunza, ikariri sentensi hiyo nzima kwanza, ndipo ufungue jedwali la vitenzi.