Taarifa Yako Imeenda Wapi? Kwa Nini Kiungo Kimoja Hufunguka na Kingine Hushuka Kwenye Simu

Mteja mmoja alitupigia simu saa kumi jioni, na sacco yake ilikuwa inafunga saa kumi na moja. Alitakiwa apeleke taarifa ya akaunti ya miezi sita ndiyo mkopo wake upite. "Nimeiona na macho yangu," akatuambia. "Nimefunga ukurasa, sasa haiko popote." Tukamwambia aangalie mahali faili zilizopakuliwa hukaa. Hakuna kitu. Akaazima simu ya dada yake, akabonyeza kiungo kilekile, na faili ikashuka vizuri tu. Hapo tukaacha kumlaumu mteja, tukaanza kujiangalia sisi wenyewe.

Iko hivi. Ukibonyeza kiungo, seva haikutumii faili peke yake. Kabla ya faili hutangulia maneno mafupi usiyoyaona, yanayoitwa vichwa, kama vile karani wa basi anavyoandika juu ya mzigo unakoenda kabla haujapakiwa. Kichwa kimoja husema hii ni faili ya aina gani. Kingine, Content-Disposition, hukiambia kivinjari kiifanyie nini. Kikiandikwa inline, kivinjari huionyesha palepale kama kinaweza. Kikiandikwa attachment, huichukua kama kitu cha kuhifadhi. Seva ikinyamaza, kila kivinjari hujiamulia chenyewe.

Na yetu ilikuwa imenyamaza. Simu ya dada, Android, ikaipakua PDF. iPhone ya mteja ikaionyesha tu kwenye skrini, na alipofunga ukurasa, kwaheri.

Dawa ilikuwa mstari mmoja:

Content-Disposition: attachment; filename="Taarifa-Machi.pdf"

Si jambo geni. Kichwa hiki kilianzia kwenye barua pepe, na matumizi yake upande wa wavuti yakaandikwa rasmi mwaka 2011, katika RFC 6266. Ni sisi tu tulichelewa. Lakini sehemu ya jina ilitupa kazi kuliko tulivyodhani. Usipoweka jina, kivinjari huokota kipande cha mwisho cha anwani, na kwetu mteja angebaki na "pdf", "pdf (1)", "pdf (2)" bila kujua ya mwezi gani ni ipi. Mwenzetu mmoja akapendekeza tuweke nambari ya simu ya mteja ndani ya jina. Tukakataa. Hebu fikiria umepakua taarifa yako kwa saiba: anayekaa kwenye kiti baada yako hahitaji hata kuifungua ili ajue ni ya nani.

Na hapa tuseme ukweli, kupakua kuna ubaya wake. Faili inayoonyeshwa tu haijiweki kwenye folda ya kompyuta ya watu. Iliyopakuliwa hubaki pale mpaka mtu aifute. Ndiyo maana PDF yetu haifunguki bila msimbo tunaokutumia kwa SMS. Hata hivyo, ukimaliza kuchapisha, ifute, kisha uifute tena kwenye pipa la taka. Usimwachie mwenye saiba kazi hiyo.

Wengine hutuuliza kama kupakua kunamaliza bando haraka. La. Hata faili ya kuonyeshwa lazima ije yote ndipo uisome hadi mwisho. Tena kwa kuwa tunaviambia vivinjari visihifadhi nakala ya taarifa kisirisiri, ukiitazama mara tatu unalipia data mara tatu. Ukiipakua unalipa mara moja.

Sasa lile linalotutia wasiwasi zaidi. Mstari huo hauko kwetu peke yetu. Mlaghai mwenye seva yake anaweza kuutumia vilevile, na jina la faili hulichagua yeye. Unapata SMS ati "pakua taarifa yako hapa", unabonyeza, kitu kinashuka kinachoitwa Taarifa-Machi.pdf.apk. Kwenye skrini ndogo mwisho wa jina hukatwa, unaona PDF tu. Hiyo si taarifa bana, ni programu. Ukiisakinisha na kuiruhusu isome SMS zako, misimbo yako inasomwa na mtu mwingine.

Kushuka peke yake hakujakuumiza bado. Hatari iko kwenye kuifungua na kukubali. Tangu Android 8, ya mwaka 2017, simu hukuuliza kwanza kama unakiruhusu kivinjari kusakinisha programu kutoka nje. Swali hilo likitokea wakati ulikuwa unatafuta taarifa tu, rudi nyuma, futa faili, kisha utupigie. Taarifa yetu huwa PDF, haijawahi kuwa programu. Na PIN yako hatuiulizi ili uifungue.

Kwa wenye biashara walio na tovuti na wanataka orodha ya bei ishuke kwa mteja: mwambie fundi wako aweke kichwa hicho kwenye seva. Kuna njia fupi ya kuandika neno download ndani ya kiungo chenyewe, ila vivinjari huiheshimu tu kama faili iko kwenye tovuti ileile.

Yule mteja wa sacco alituma taarifa yake kutoka kwa simu ya dada, saa kumi na dakika hamsini. Siku hizi iPhone yake humwuliza kama anataka kupakua. Akikubali, faili huenda kwenye programu ya Files, ndani ya Downloads. Kwenye Android ni Downloads vilevile, au bonyeza nukta tatu za Chrome utaiona.