Fleti ya bei rahisi Yeoville: uliza deni la jengo kwanza

Wauguzi wenzangu huniuliza sana: fleti za Yeoville ni bei rahisi, ninunue nipangishe? Mtaa unashawishi. Ukipita Rockey Street utasikia Kiswahili cha Wakongomani, na wapangaji hawakosekani.

Ila hapa Afrika Kusini ukinunua fleti unaingia papo hapo kwenye umoja wa wamiliki wa jengo. Kila mwezi unalipa levi, yaani ada ya bima, ulinzi, lifti, ukarabati na mara nyingi maji. Majirani wasipolipa, bili ya manispaa ya jengo zima inalimbikizwa. Maji yakikatwa, yanakatwa hata kwako uliyelipa. Mpangaji mwenye mtoto mchanga hana haja na risiti zako, atahama.

Kabla sijanunua yangu, chumba kimoja na sebule, niliomba hesabu za umoja za miaka 3. Jengo la kwanza walinizungusha wiki nzima, nikaachana nalo. Hati ya kutodaiwa levi inayotolewa wakati wa kuhamisha umiliki inahusu fleti ile tu; haikuambii jengo linadaiwa kiasi gani.

Na mpangaji asiyelipa humtoi kwa kubadilisha kitasa. Sheria ya 1998 inataka amri ya mahakama, na kesi huweza kuchukua miezi. Wewe unayenunua ukiwa London au Doha, weka akiba ya kuvuka miezi hiyo. Halafu mtume ndugu unayemwamini aende jioni, apande hadi ghorofa ya juu kabisa, afungue bomba.