Je, Wajua? IST na Bei Isiyotaka Kushuka

Toyota ilipoizindua IST nchini Japani mwezi Mei 2002, ilikuwa ikiwatafuta vijana wa mjini: watu waliotaka kigari kifupi cha kuegesha popote, kilichojengwa juu ya msingi wa Vitz lakini chenye sura nzito kidogo. Marekani kilipelekwa kwa jina la Scion xA. Mwaka 2007 toleo hilo likaacha kutengenezwa, likaja la pili lenye mwili mpana zaidi. Kwa hiyo hata IST changa kabisa ya toleo la kwanza leo ina umri wa kijana aliyekwisha kumaliza kidato cha nne. Na bado, Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, mwalimu au muuguzi anayetafuta gari la kwanza la familia huanza kuulizia hiyo, na mwenye nayo akitangaza kuiuza, simu haikawii kuita.

Kwa nini? Jibu la vijiweni ni kwamba Toyota haifi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye faida kwa mnunuzi.

Tuanze na injini. IST ya kwanza ilikuja na injini mbili za ukoo mmoja: 2NZ-FE yenye cc 1,298 na 1NZ-FE yenye cc 1,497. Injini ndogo za Toyota zilizotangulia, kama 4E-FE ya Starlet na 5A-FE ya Corolla, zilitumia mkanda wa taimingi ambao lazima ubadilishwe kwa ratiba. NZ inatumia cheni ya chuma inayolowana oili ndani ya injini, na oili ikibadilishwa kwa wakati cheni hiyo huweza kudumu muda mrefu sana bila kuguswa. Kila plagi ina koili yake juu, kwa hiyo gari likianza kumisi, fundi anahamisha koili moja kutoka silinda hii kwenda ile, anaona tatizo linahamia wapi, na kazi imekwisha. Oili inayoingia pamoja na filta mpya ni lita 3.7, yaani galoni la lita 4 linatosha na kinabaki kidogo cha kuongezea. Hii ni injini iliyochorwa na watu waliofikiria matengenezo. Ndugu yake wa karibu, 1NZ-FXE, ndiye aliyesukuma Prius mbili za mwanzo.

Ila ubora wa mchoro peke yake haujibu swali. Zipo injini nyingi nzuri duniani ambazo hapa kwetu magari yake yamekaa juu ya mawe. Kinachoiweka IST barabarani ni kwamba 1NZ-FE ilifungwa pia kwenye Vitz, Platz, Funcargo, Raum, Spacio, Probox, Porte na Sienta. Koili ya hii inaingia ile. Sensa ya oksijeni, pampu ya maji, maunti ya injini: ukifika Gerezani au Shauri Moyo, muuza spea hakuulizi mara mbili. Anakuuliza tu unataka mpya au yuzdi ya Japani. Na fundi wa Kahama au Ifakara, hata kama hakusomea popote, ameishusha injini hiyo mara nyingi kiasi kwamba anajua boliti gani ni ngumu kufunguka. Gari linaloharibika mara moja kwa mwaka na kukaa gereji wiki tatu likisubiri sensa kutoka ng'ambo linaisumbua familia kuliko linaloharibika mara tatu na kila mara likarudi nyumbani jioni ileile. Wenye magari wanapolisifu gari kwa uimara, mara nyingi wanachosifu ni wepesi huo wa kulirudisha barabarani.

Kuna tahadhari hapa. Kila IST tunayoiona ikipita ni ile iliyonusurika. Zilizokufa kwa kuchemsha zimo kwenye yadi, zinakatwa milango na taa kwa ajili ya wenzake. Na kuchemsha ndiko adui mkubwa wa injini hii, kwa sababu bloku na silinda hedi zake ni za aluminiamu. Ikipata joto kupita kiasi hedi hupinda, gasketi huungua, maji na oili vinakutana.

Hapo ndipo desturi moja ya gereji zetu inaponiudhi. Gari likileta dalili ya joto, fundi anatoa thamostati na kuitupa, akisema nchi yetu ina joto tayari, kifaa hicho ni cha wenye baridi. Sivyo. Thamostati hufunga njia ya maji mpaka injini ifikie joto lake la kazi, kisha hufungua. Ukiitoa, injini inatumia muda mrefu ikiwa baridi, kompyuta inaamini ndiyo kwanza gari limewashwa, inaongeza petroli, na petroli isiyoungua vizuri inachafua oili. Mwenye gari analalamika ulaji wa mafuta umepanda, anabadilishiwa plagi, anasafishiwa nozeli, na hakuna aliyekumbuka kile kifaa kidogo kilichotupwa. Ongeza hapo tabia ya kujaza rejeta maji ya bomba badala ya kulanti: maji hayo hula aluminiamu polepole na kuacha kutu na chumvi kwenye pampu.

Lalamiko la pili la wenye IST ni miguu. Gari liko chini, limetengenezewa lami ya Japani, na sisi tunalipitisha kwenye matuta yasiyochorwa na mitaa ya changarawe. Bushi za kontrol amu, stebilaiza linki, boli joint na shokapu za mbele huliwa mapema, na hiyo ni gharama ya kupanga kama unavyopanga ada. Wengi hutafuta dawa kwa kufunga spesa ili gari linyanyuke. Linanyanyuka kweli, lakini shafti inabaki imekaa upande, joint zake zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikuumbiwa. Baada ya miezi kadhaa mteja anarudi: "Fundi, nikikata kona nasikia ka-ka-ka." "Mama, hiyo sivi joint imekwisha, spesa zimeiumiza." Spesa nyembamba inavumilika. Nene ni kununua tatizo.

Giaboksi inataka sentensi chache tu, lakini zisomwe vizuri. IST ya kwanza ina giaboksi ya otomatiki ya gia nne, imara sana, inayotaka hydroliki ya aina ya T-IV. Ya pili, iliyoanza 2007, kwa sehemu kubwa inatumia CVT, ambayo ina mkanda wa chuma na pulii badala ya gia, na inataka oili yake maalumu ya CVT. Ukimwachia fundi amimine oili yoyote nyekundu kwenye CVT, mkanda utateleza na giaboksi nzima itakwenda. Andika aina ya oili kwenye karatasi, mkabidhi mkononi, simama hapo mpaka kopo lifunguliwe.

Mafuta? Wenye nazo hutaja kilomita 12 hadi 15 kwa lita kwenye barabara kuu, na chini ya hapo wakiwa kwenye foleni za Ubungo au Tazara AC ikiwa imewashwa. Watu hubishana sana kati ya 1.3 na 1.5. Kwa dereva anayekwenda kazini peke yake, ndogo inatosha. Kwa familia ya watu watano na mabegi, inayopanda Kitonga kwenda Mbeya, ndogo itabaki kwenye gia ya chini injini ikipiga kelele, na tofauti ya mafuta uliyoitarajia itayeyuka. Mimi ningechukua 1.5. Na wakati wa kushuka, teremka na gia ya chini. Breki zilizoshikiliwa mlima mzima hupata moto na kupoteza nguvu.

Sasa pesa, ambako ndiko kwenye mshangao. Gari jipya popote duniani hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka ya mwanzo. Kwa IST, hasara hiyo ilimezwa na Mjapani. Kule gari binafsi jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, kwa gharama inayouma, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi zake za mwaka hupanda. Mwenye gari anaona bora aliuze mnadani. Likifika bandari ya Dar es Salaam linakutana na TRA, na hapo bei inapanda tena: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini kati ya cc 1,000 na 2,000, VAT asilimia 18, na juu yake ushuru wa ziada kwa sababu ya uzee wa gari. Kwa hiyo bei ya IST iliyokwisha kuwa mtaani haiamuliwi na uchakavu wake peke yake. Inashikiliwa juu na gharama ya kuleta nyingine: shilingi ikishuka dhidi ya dola, au kodi ikiongezwa, IST uliyonunua miaka mitano iliyopita inapanda nayo. Ndiyo maana muuzaji anataja kwanza herufi ya namba, C au D au E, kabla ya kutaja kilomita. Herufi inaonyesha gari liliingia lini nchini, na kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma kirahisi.

Linganisha na Kenya. Kule sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, kwa hiyo IST ya toleo la kwanza ilifungiwa mlango yapata 2015. Familia ya Nairobi yenye bajeti kama hiyo ilikwenda kwenye Vitz, Demio na Note za miaka ya karibu. Tanzania ilichagua kutoza uzee badala ya kuukataza, na gari likaendelea kuingia hadi likawa la kila mtaa.

Tangu Uber ilipoingia Dar es Salaam mwaka 2016, na wenzake wakafuata, IST nyingi zimefanya kazi ya abiria mchana na usiku. Huo ni ushahidi mzuri wa uimara, lakini pia ni onyo. Kabla ya kununua, angalia usukani, pedali na kiti cha dereva: kilomita zinaweza kurudishwa, mpira wa pedali uliolika hauwezi. Nenda asubuhi kabla injini haijawashwa, gusa boneti kuhakikisha ni ya baridi, kisha liwashe na utazame moshi. Wa bluu maana yake gari linakunywa oili, mara nyingi kwa sababu oili ilichelewa kubadilishwa miaka mingi na ringi za pistoni zimeganda kwa masizi. Vuta kijiti cha oili. Na kabla ya kuliwasha, fungua kifuniko cha rejeta uone kama ni kulanti au maji yenye kutu.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa. Magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000, ya Toyota yakiwemo, yalifungwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Kemikali inayoijaza mifuko hiyo, ammoniamu naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali kopo lake linaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva au abiria. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Tanga, Dar es Salaam na Mtwara mwaka mzima. Si kila gari linahusika, na namba ya chesisi ndiyo inayojibu: Toyota huiangalia kwenye orodha yake ya magari yaliyoitwa kurekebishwa. Namba hiyo ya NCP60, NCP61 au NCP65, pamoja na tarakimu zinazofuata, imo kwenye kadi ya gari na kwenye bodi yenyewe chini ya boneti. Iandike siku ileile unayokwenda kuliona gari, uitume, na usitoe hela ya utangulizi kabla ya jibu kurudi.