Kanisa Kuu la Mombasa na Msafara wa 1885

Mgeni apitaye Barabara ya Nkrumah, Mombasa, kwa mara ya kwanza aweza kudhani lile jengo lenye kuba na matao ni msikiti. Kumbe ni Kanisa Kuu la Kianglikana, lililojengwa kati ya 1903 na 1905. Msanifu anayetajwa kulichora ni John Sinclair, yule yule wa Beit el Amani ya Unguja. Wazungu wengi wa zama zake walijenga makanisa kama ya kwao Uingereza. Huyu alitazama majengo ya pwani akachota humo. Mimi naona alifanya vyema.

Majuzi nililizuru nikiandamana na wanafunzi wapatao 30 kutoka Kisauni. Walikuwa wametoka Ngome ya Yesu, jua limewachoma, na walipoingia kivulini wakanyamaza bila kuambiwa. Mwalimu wao akawaeleza kwamba kanisa hili ni ukumbusho wa Askofu James Hannington, aliyeondoka pwani Julai 1885 kwenda Uganda kwa kukata nchi ya Wamaasai. Kabaka Mwanga alimhofia mgeni ajaye kwa mlango wa mashariki. Hannington alikamatwa Busoga, akauawa tarehe 29 Oktoba.

Msichana mmoja akainua mkono.

"Mwalimu, mizigo yake nani aliibeba?"

"Wapagazi, mwanangu."

"Waliitwa nani?"

"Hayo hata sisi hatukusomeshwa."

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ziara iliponinogea. Msafara ule ulikuwa na watu zaidi ya 200. Walipofika Kwa Sundu, panapoitwa Mumias leo, askofu alitwaa wapatao 50 akatangulia nao, na karibu wote waliuawa pamoja naye. Waliobaki aliwaacha chini ya shemasi William Jones.

Jones alichukuliwa utumwani angali mtoto, akakombolewa, akasomeshwa India, kisha akaja kuhudumu Rabai. Mei ya mwaka ule ule Hannington alikuwa amempa ushemasi, yeye na Ishmael Semler. Huko Kwa Sundu alingoja hadi manusura wachache walipomletea habari za mauaji. Akawakusanya watu wake, akawarudisha kwa miguu safari nzima hadi Rabai, wakafika Februari 1886. Mbele yao ilikuwa bendera ya buluu yenye neno moja jeupe, Ikabodi, yaani utukufu umeondoka.

Niliwasimulia watoto habari hizo nje, chini ya mti, maana mwalimu aliniomba. Yule msichana aliniuliza Jones huandikwa vipi, akaliandika jina hilo daftarini.

Njia ya kurudi Kisauni inavuka Daraja la Nyali na kupita Kengeleni, ilipo kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa miaka ya 1870. Watoto hawa huipita kila waendapo mjini. Safari hii mwalimu alimwambia dereva asimamishe basi, wote wakashuka.