Ndia Kuu ya Mombasa

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni watu wa bara kama mimi, na pengine hawajapata kuiona Mombasa. Likizo iliyopita nilipata bahati ya kutembea katika Ndia Kuu, barabara ya zamani ya Mji wa Kale, nami napenda kuwaeleza niliyojifunza.

Kwanza jina lenyewe. Nilipoliona kibaoni nilidhani mwandishi amekosea, kwani shuleni tumefundishwa "njia". Mzee mmoja aliyeketi barazani akaniita, "Ndoo, mwanangu!" Nikatazama huku na huku nikitafuta ndoo ya maji. Alicheka sana, kisha akanifahamisha kwamba kwa Kimvita "njoo" ni "ndoo", na "njia" ni "ndia". Kumbe kibao hakikukosea. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Karibu na njia hiyo ipo Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waarabu wa Omani waliizingira tangu 1696 mpaka wakaitwaa mwaka 1698. Tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa gereza, na sasa ni nyumba ya makumbusho.

Nyumba za Mji wa Kale zimesongamana, na roshani za mbao zimetokeza juu ya wapita njia. Ufinyu huo una faida, maana kuta hutiliana kivuli. Nyumba za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zikachukuliwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo si ndefu sana, vyumba vilikuwa vyembamba.

Lakini niliona pia kuta zilizobanduka. Mzee alinieleza kwamba chokaa huacha unyevu utoke ukutani, bali saruji huuzuia ndani. Na mvua ikipenya, boriti huoza. Matengenezo yana gharama, na warithi wengine huona afadhali kubomoa na kujenga upya.

Nikamwuliza, "Je, mzee, zikibomolewa zote?"

Akajibu, "Jina litasalia kibaoni, wala hapatakuwa na wa kukueleza maana yake."

Basi, ndugu zangu, mkifika Mombasa msipite Ndia Kuu mbio mbio. Waamkieni wazee walioketi barazani, na mkiitwa "ndoo", nendeni mkasikilize.