Pampu za Berlin Zinataka Kutumika

Katika mitaa ya zamani ya Berlin, Ujerumani, pembeni mwa njia ya waendao kwa miguu, kuna pampu za mkono za chuma cha kusubu: nguzo yenye nakshi, mpini mrefu ubavuni, mdomo wa kutolea maji. Mimi nilijifunza ufundi Lindi, kwenye pampu za Nira zilizokuja na mradi wa maji wa Wafini, kwa hiyo jicho langu huanzia mpinini. Ukiwa unang'aa pale pa kushikia, najua pampu ni nzima.

Mji huu una pampu kama 2,000. Maji ya bomba yalianza kusambazwa mwaka 1856, lakini pampu hazikuachwa, maana Berlin imekaa juu ya mchanga wenye maji karibu. Mwaka 1945, vita vilipoingia mitaani na mabomba ya majumbani yakakauka, watu walijipanga na ndoo kwenye pampu hizi huku mizinga ikilia. Hadi leo ni akiba ya dharura.

Ndani ya pampu, mpini ukishushwa, fimbo hupanda na pistoni iliyovishwa ngozi. Maji yaliyo juu ya pistoni huinuliwa, na chini yake hubaki nafasi ambayo mgandamizo wa hewa ya nje huijaza kwa maji ya kisima. Ndiyo maana pampu ya kufyonza haitoi maji yaliyo chini zaidi ya mita saba au nane hivi. Kila kitu kinategemea ile ngozi. Ikikauka husinyaa, hewa ikapenya, ukapampu bure.

Baadhi ya pampu hizi zinalindwa kisheria kama urithi, na nashukuru sana. Ila sheria hulinda chuma, nacho kingedumu hata kikisahauliwa. Ngozi huponywa na maji, na maji huletwa na mikono ya watu. Kwa hiyo ukame wa 2018 na wa miaka iliyofuata uliniletea faraja nisiyoitegemea: wakazi walirudi kwenye pampu, wakabeba ndoo kumwagilia miti ya barabarani. Mengi ya maji hayo si ya kunywa, na kibao husema hivyo.

Mtaani kwetu kazi hiyo ya kumwagilia huifanya zaidi watoto. Nawaambia washushe mpini hadi mwisho, kwani mipigo mifupi huchakaza silinda sehemu moja.